Mtego wa panya kwenye zawadi za harusi

Jamani leo naomba nitubu, maana kila nikiona jina la kijana wa stoo kwenye simu yangu nasikia aibu mpaka masikioni.

Nilipewa kazi kwenye duka la mtandaoni, WordPress na WooCommerce yake (programu ya kujengea tovuti na nyongeza yake ya kuuzia), bidhaa 300 na kitu, kila aina ya makorokoro ya nyumbani. Mwenye duka akataka ukurasa wa zawadi za harusi. Sasa hapo hatuongelei zile kategoria za kawaida za bidhaa, tulishatengeneza makundi yetu wenyewe tukayaita tukio, humo ndani kuna harusi, kuna siku ya kuzaliwa, kuna kuhamia nyumba mpya, na kijana wa stoo alishakaa akazigawa bidhaa zote moja moja kwa mkono wake. Mimi nilibakiwa na kuandika kweri tu, yaani ombi kwa hifadhidata, leta bidhaa ambazo tukio lake ni harusi, basi. Nikamwambia mwenye duka nipe nusu saa (programa akikwambia nusu saa wewe kalale kwanza).

Sehemu ya kweri ya kuchagulia kundi inaitwa tax_query, na kabla hujanicheka, ndiyo, mwaka wangu wa kwanza nilidhani ni mambo ya kodi ya serikali nikawa nakikwepa, kumbe ni kifupi cha taksonomia, yaani aina ya makundi kama hilo letu la tukio.

Nikaandika taxonomy ni tukio, terms ni harusi, nikasevu, nikarifreshi. Ukurasa mweupe pee, hamna hata kijiko. Kosa lenyewe lilikuwa dogo, sikuandika field, sehemu ya kusema kundi unalitaja kwa namba au kwa jina, na usipoiandika WordPress inachukulia umeleta term_id, yaani namba ya kundi, wakati mimi nimeleta jina, kwa hiyo imeenda kutafuta namba inayoitwa harusi ikarudi mikono mitupu. Ila hayo nayajua leo. Usiku ule nilianza kubomoa, nikatoa hiki nikarudisha kile, nikazima plagini (programu za nyongeza) tatu zisizo na hatia yoyote, af nikaona mabano yako mawili mawili, orodha ndani ya orodha, nikajisemea huyu aliyeandika huu mfano niliofuata alikuwa anapenda urembo tu. Nikafuta ya ndani. Rifreshi.

Bidhaa hizooo! Seti za vikombe, mashuka, fremu za picha. Nikamtumia mwenye duka "tayari bosi", nikafunga laptopu nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kulipa madeni.

Asubuhi nakuta meseji: "Fundi, mbona kuna mtego wa panya kwenye zawadi za harusi?"

Nikaingia kuangalia. Mtego wa panya kweli upo. Chini yake dawa ya mende, halafu brashi ya choo, halafu kufuli, sijui bwana harusi amfungie nani.

Na mimi badala ya kufungua programu yangu nikajibu kwa kifua kabisa: "Hiyo ni data bosi, programu inaonyesha mlichoingiza, kijana wa stoo atakuwa kachanganya." Kijana akaitwa. Akakaa siku nzima anafungua bidhaa moja baada ya nyingine, 300 na kitu, kila baada ya muda skrinishoti, "kaka hii haina harusi", "kaka na hii pia haina", na mimi namjibu angalia vizuri.

Jioni roho ikanisuta, nikaprinti SQL yenyewe, yaani ombi linavyofika kwenye hifadhidata, kwa $query->request. Nikasoma, nikasoma tena. Hamna JOIN ya kuunganisha majedwali, lile la wp_term_relationships linalosema bidhaa ipi iko kundi gani halijaguswa kabisa, imeandikwa leta bidhaa zilizochapishwa, mwisho wa habari. Kumbe tax_query inataka kila sharti likae kwenye mabano yake, ndani ya yale makubwa, na ukiyatoa hailalamiki, hamna eroo, hamna nini, sharti lako linatupwa kimyakimya unaletewa duka zima. Na usiku sikushtuka kwa sababu kweri usipoipa mpangilio inaanza na vitu vipya, na vipya vya wiki ile vyote vilikuwa vya harusi. Ningeskroli kidogo tu ningekutana na brashi ya choo. Sikuskroli.

Nikarudisha mabano, nikaongeza field ni slug, yaani jina fupi la kundi, zikabaki bidhaa 41, zote za harusi, vilevile kijana alivyozipanga tangu mwanzo.

Ikabidi nimwandikie. Nilianza kuandika ukweli, nikaufuta, nikasingizia kache, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, nikatuma hii: "Pole kaka, bidhaa zako ziko sawa, nimesharekebisha upande wa sava, shida ilikuwa kache."

Akajibu: "kache ndo nani, yule kijana mpya? mwambie asirudie macho yananiuma"

Nikamjibu nitamwambia.