Mbwa Wawili, Shangazi Mmoja na Ziwa la Ekari 38

Mbwa hawakuwa wangu. Hilo lieleweke mapema, maana nikisimulia kisa hiki watu huniuliza tangu lini mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa, akafuga mbwa. Walikuwa wa jirani yangu hapa Croydon, London, bibi wa miaka sabini na ushei aliyekuwa anakwenda kutolewa mtoto wa jicho. Akaniomba nimshikie mbwa wake Jumamosi moja tu. Nikaitikia bila kufikiri, kwa sababu Krismasi aliniletea keki, na aliyekula keki ya watu hana ulimi wa kukataa.

Nilichosahau ni kwamba Jumamosi hiyo hiyo nilishamwahidi shangazi safari.

Shangazi alikuwa ametua siku tisa kabla. Amezaliwa na kukulia hatua chache tu kutoka Fort Jesus, na katika Uingereza nzima alikuwa na haja moja: kuona ngome ya Wazungu kwao wenyewe. "Ile waliyotuletea sisi naijua," alisema. Nikamchagulia Hever Castle, kule Kent, kwa sababu treni ya kutoka East Croydon inafika bila kubadilisha, na kwa sababu nilisoma kuwa bustanini mbwa wanaruhusiwa, mradi wawe kwenye kamba fupi.

Asubuhi jirani akanikabidhi. Winston, Labrador mweusi mwenye uzito wa nusu gunia la mchele. Pudding, wale wanaoitwa mbwa wa soseji, mwili wa foronya na miguu ya kukopa. Nikapewa na kapu lao: biskuti, bakuli la maji, taulo, vijifuko vya kuzolea mavi, na namba ya simu ya bima yao ya matibabu. Bima! Mimi mwenyewe jino langu la nyuma linaning'inia tangu mwaka juzi.

Shangazi akatokea mlangoni na buibui lake, kanukia udi, mkoba mkononi. Akawatazama.

"Hawa nao waenda wapi?"

"Twaenda nao, shangazi."

"Nani na nani?"

"Sisi."

Akanyamaza muda. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa: "Mwanangu, mimi nina udhu."

Nikamwahidi kuwa mbwa hawatamgusa hata kwa ncha ya mkia. Njia nzima akakaa kitini amenyanyua miguu, buibui amelikusanya mapajani kama mtu aliyeingiliwa na maji ndani ya ngalawa. Winston naye akalala chini, kidevu juu ya makucha, akimtazama yeye tu. Sijui kwa nini, lakini mbwa kati ya watu mia humchagua yule mmoja asiyemtaka, akampenda huyo.

Kituo cha Hever hakina hata muuza karanga. Unashuka, treni inaondoka, unabaki na ndege. Kutoka hapo ni mwendo wa kama maili moja, sehemu vishamba na sehemu barabara, na tope la Kent halina adabu. Shangazi alitangulia na raba zangu za mazoezi, hatua kumi mbele yetu, asigeuke, kama kwamba hatujui.

Tulipofika akasimama mbele ya kasri, akaliangalia juu, akaliangalia chini.

"Hii ndiyo ngome?"

"Ndiyo."

"Yote?"

Sikuwa na la kujibu. Hever ni kasri dogo la mawe, zuri mno, limezungukwa na handaki la maji, lina daraja la kuinuliwa na mimea inayotambaa ukutani. Lakini ukimleta mtu aliyekulia chini ya kuta za Fort Jesus, zilizoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 mpaka leo hazijatikisika, ataona umemleta kwenye nyumba ya mtu. Na kweli ni nyumba ya mtu. Hapa ndipo Anne Boleyn alipokulia, yule mke wa pili wa Mfalme Henry wa Nane.

Ndani mbwa hawaingii, kwa hiyo mmoja wetu lazima abaki nje. Sihitaji kusema ni nani. Shangazi akaingia, nami nikakaa kwenye benchi karibu saa nzima, nikijibu maswali ya watoto wa watu kuhusu majina ya mbwa, umri wa mbwa, na kama mbwa wanapenda kuchekeshwa tumboni. Nilijibu kwa uhakika kabisa. Sikujua hata moja.

Akatoka na uso wa mtu aliyetoka matangani.

"Kumbe alimkata kichwa."

"Alimkata, shangazi. Mei 19, 1536."

"Na akaoa tena lini?"

"Mei 30."

Akahesabu kwa vidole. Akarudia kuhesabu. "Siku kumi na moja! Hata arobaini haijafika, mchele wa hitima haujaisha ndani!"

Sasa mimi nilikuwa nimesoma sana kwenye treni, na mtu aliyesoma jana hawezi kukaa kimya leo. Nikamwambia kuwa huyo Anne alikuwa na mbwa mdogo aliyeitwa Purkoy, akimpenda kupita kiasi. Mwaka 1534 mbwa akaanguka kutoka juu, akafa, na pale kasri la mfalme hakuna aliyethubutu kumpelekea malkia habari. Mwisho ikabidi mfalme mwenyewe amwambie.

Shangazi akamtazama Pudding, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Masikini," akasema, sijui kwa mbwa au kwa malkia. "Na huyo mume aliyembembeleza kwa mbwa ndiye yule yule wa kichwa?"

"Ndiye."

"Wanaume nyinyi!" Akaniangalia mimi, kana kwamba nilikuwepo.

Lililomfurahisha ni la mke wa nne, Anne wa Cleves. Ndoa yao ilivunjwa mwaka 1540 baada ya miezi sita tu, na katika mali alizopewa bibi yule limo kasri hili hili. "Huyo sasa ndiye aliyekwenda chuo," akasema shangazi. "Katoka na kichwa chake na nyumba juu."

Kuanzia hapo akachangamka. Tukapita bustani yenye miti iliyokatwa maumbo ya sataranji, tukaingia Bustani ya Kiitaliano yenye masanamu ya kale ya mawe. Hayo yote aliyaweka Mmarekani mmoja tajiri, William Waldorf Astor, aliyelinunua kasri mwaka 1903 likiwa limechoka. Mwisho wa bustani ndipo lilipo ziwa. Nikamweleza shangazi kuwa ziwa hilo si la Mungu moja kwa moja: ni ekari 38, na Astor aliweka wanaume wapatao 800 walichimbe, wakachukua miaka miwili.

"Watu mia nane kuchimba maji? Na nchi imezungukwa na bahari?"

"Alikuwa na pesa, shangazi."

"Wallahi pesa zikizidi ni maradhi. Hebu nipige picha."

Hapa ndipo mambo yalipoharibika, na naomba yeyote atakayesoma anitetee: picha ya shangazi inataka mikono miwili. Alisimama kwenye nyasi za kando ya ziwa, nguzo za mawe nyuma yake, mkoba ameushika mbele kwa mikono yote kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Akatoa masharti. Nguzo zote zitoke. Miguu itoke. Mbwa wasitoke. Sasa mtu ana kamba mbili mkononi na simu moja, afanyeje? Nikachukua zile kamba, nikazipitisha kwenye mkanda wa suruali, nikafunga fundo. Nilifunga vizuri. Mimi ni mjukuu wa nahodha, fundo langu halifunguki, na hilo ndilo lililoniponza.

"Rudi nyuma kidogo."

Nikarudi.

"Rudi tena, nguzo moja imekatika."

Nikarudi tena. Nikasikia kitu nyuma yangu: kwek.

Baadaye niliambiwa kuwa Labrador ni mbwa wa wawindaji, hasa wa kuingia majini kumleta bata aliyepigwa risasi. Jirani alinieleza mengi kuhusu Winston: kwamba anaogopa mashine ya kufagia, kwamba biskuti zake zivunjwe vipande. Hili la bata hakuligusia. Bata wa Hever hakuwa amepigwa risasi na mtu, lakini Winston si wa kuulizauliza.

Sikuvutwa. Niling'olewa. Kiuno kilitangulia, mimi nikafuata. Nilishuka zile nyasi kinyumenyume kwa mwendo ambao sijawahi kuufikia hata nilipokuwa naikimbilia matatu ya mwisho ya Likoni, Pudding akiruka ubavuni kama ndala iliyokatika mshipi, simu nimeinyanyua juu, na kinywani nasikia sauti yangu ikisema kwa Kiingereza cha heshima, "Samahani, samahani," kwa wazee wawili waliokuwa wanakula mkate wao. Kisha nyasi zikaisha.

Kuhusu ziwa naweza kutoa ushahidi: wale 800 hawakulipua kazi. Karibu na ukingo tu nilikaa chini na maji yakanifika kifuani. Ilikuwa Mei, lakini maji yale hayakuwa na habari. Winston bado alikuwa anakwenda, na kwa kuwa fundo ni la babu yangu, nami nikawa nakwenda, nimekaa vile vile, kama mtumbwi unaokokotwa.

Ndipo ukasikika ukelele.

"KETI!"

Inafaa mjue kuwa shangazi alisomesha chuo cha Kurani miaka thelathini. Sauti ile imenyamazisha watoto sitini kwa mpigo, na wengine leo ni mahakimu. Winston, mbwa wa Kiingereza, asiyejua neno la Kiswahili tangu azaliwe, akakaa. Alikaa ndani ya ziwa, maji kidevuni, masikio nyuma. Pudding akakaa ukingoni. Mzee mmoja wa wale wa mkate, nilimwona kwa macho yangu, naye alikuwa amesimama, akakaa.

"Njoo hapa!" Na Winston akaja, akinivuta mimi kwa hisani yake.

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini mbwa akitoka majini ana jambo moja la kufanya, na hulifanya karibu na ampendaye. Winston akaenda mpaka miguuni kwa shangazi, akamtazama kwa mahaba, akajikung'uta.

Buibui. Mkoba. Kilemba. Miwani.

Sikuwahi kusikia bustani ikanyamaza vile. Shangazi alisimama mikono ameitanua, maji yanamchuruzika, midomo inasoma kitu. Kisha akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio unaotisha: "Udongo uko wapi?"

Mwenye kujua ameshajua. Kwetu sisi Waislamu wa madhehebu ya Shafii, unyevu wa mbwa ni najisi nzito. Unaosha mara saba, na moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Maji yapo. Udongo nao umejaa bustani nzima, lakini ndani ya kila udongo pana ua la mtu. Kabla sijajibu, shangazi alikuwa ameshainama kwenye tuta la maua, anaukusanya kwa kiganja, na mtunza bustani anatujia na mkasi wake.

Mama wa makamo, glavu mkononi. Nikajitayarisha kufukuzwa. Shangazi akamwonyesha vidole saba. "Soil," akasema. "Seven." Yule mama akanigeukia mimi, niliyekuwa nachuruzika, nimefungwa mbwa wawili kiunoni, jani la majini begani. Nikaeleza. Nilieleza vibaya, meno yanagongana, lakini alisikiliza mpaka mwisho, na swali lake nitalikumbuka daima: je, shangazi anataka mboji, maana wanayo nzuri sana, au anataka udongo mtupu?

Nikatafsiri.

"Hiyo mboji ina samadi?"

Nikauliza. Inayo.

"Mwambie nashukuru, lakini nitatoka kwenye mavi ya mbwa niingie kwenye mavi ya ng'ombe? Udongo mtupu."

(Mavi hayakuwepo, lakini sikuwa katika hali ya kusahihisha mtu.)

Mama yule akaenda, akarudi na chungu kidogo cha maua kimejaa udongo safi, ameuchambua mizizi, na juu ameufunika kwa gazeti. Hakutaka pesa. Aliuliza tu kama shangazi ndiye aliyepiga ule ukelele, maana ameusikia akiwa upande wa pili kwenye mawaridi, na yeye mwenyewe nyumbani ana mbwa asiyesikia la mtu.

Treni ya kurudi nilisimama, kwa sababu nilikuwa naloanisha kila kiti. Taulo lilikuwa la Winston, na Winston alikuwa amelikalia. Nilifungua simu: picha 23, nyingi mbingu, moja sikio la Pudding, na moja ya shangazi kinywa wazi, mkono ameunyoosha kama kamanda wa vita. Nguzo zote zimetoka.

Jirani naye, wiki mbili baadaye, jicho limepona, alinisimamisha kwenye uzio. Winston siku hizi ana tabia mpya: ukimwambia akae anakutazama tu, kama anayesubiri useme vizuri. Nikamfundisha neno lenyewe. Sasa kila jioni nasikia bibi wa Kiingereza uani mwake: "Keti, Winston. Keti."

Shangazi alikwisharudi Mombasa. Chungu chake bado kiko bafuni kwangu, kimepungua robo. Juzi alinipigia, akanijulia hali, akauliza hali ya jino, kisha akanyamaza kidogo.

"Udongo wangu bado upo?"

"Upo, shangazi."

"Usiutupe. Nikija tena tutawachukua wale masikini wakatembee."