Kibali cha Dawa ya Nywele Ni Kibali cha Kitu Gani?

Anayeona kipara kinaanza kumnyemelea huuliza kwanza: dawa gani imeidhinishwa? Ni swali zuri, na laiti lingeulizwa mara nyingi zaidi kabla pesa hazijatoka mfukoni. Ila mamlaka za dawa haziidhinishi "dawa ya nywele" hivi hivi tu. Huidhinisha dawa fulani, kwa kipimo fulani, kwa tatizo fulani, kwa watu fulani. Badilisha kimoja tu kati ya hivyo, na kibali kile hakikuhusu tena. Mimi mwenyewe nina kipara cha kurithi, na kinachonikera zaidi katika biashara hii si uongo mtupu, bali mihuri halali inayobandikwa mahali pasipo pake.

Chukua minoksidili. Ilianza kama kidonge cha presha, kikaidhinishwa mwaka 1979 na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, kwa wagonjwa ambao presha yao ilikuwa imeshindikana kwa dawa nyingine. Wagonjwa hao wakaanza kuota nywele hata mahali wasipozitaka. Kampuni ya Upjohn ikaona fursa ndani ya kero hiyo, ikaitengeneza dawa upya kuwa maji ya kupaka kichwani. Mwaka 1988 maji ya asilimia 2 yakapata kibali kwa wanaume, mwaka 1991 kwa wanawake, na mwaka 1996 yakaanza kuuzwa bila cheti cha daktari.

Basi dawa moja ina vibali viwili: kumezwa kwa presha na kupakwa kwa upara wa kurithi. Kuimeza kwa ajili ya nywele hakumo katika kibali chochote kati ya hivyo. Hata hivyo, leo madaktari wengi wa ngozi huandika kidonge hicho kwa kipimo kidogo, kwa kawaida kisichozidi miligramu 5 kwa siku, ilhali mgonjwa wa presha huweza kumeza miligramu 10 hadi 40. Je, madaktari hao ni matapeli? Hata kidogo. Kutumia dawa nje ya kibali chake ni jambo la kawaida katika tiba, na hapa sababu iko wazi: haki za pekee za kuitengeneza dawa hii ziliisha zamani, na ni kampuni gani itagharamia majaribio makubwa ya kidonge ambacho kila mtu anaweza kukitengeneza? Kinachobadilika ni mzigo wa uangalizi. Kidonge hupita mwili mzima, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuuliza kuhusu moyo wako, mapigo kwenda mbio na miguu kuvimba. Ukikiagiza mwenyewe mtandaoni, mtu huyo hayupo.

Finasteridi nayo ilihamia kichwani kutoka kwingine. Mwaka 1992 ilikuwa dawa ya tezi dume iliyovimba, kwa miligramu 5. Mwishoni mwa mwaka 1997 kidonge cha miligramu 1 kikaidhinishwa kwa upara wa wanaume. Huzuia kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa DHT, homoni inayosinyaza mashina ya nywele kwa wenye urithi huo. Inafanya kazi, tena vizuri zaidi katika kuzuia nywele zilizopo zisiondoke kuliko kurudisha zilizokwenda. Lakini kibali chake hakijawahi kuwa cheti cha usafi. Baadhi ya watumiaji hupungukiwa hamu na nguvu za tendo la ndoa, na wapo wanaoripoti kwamba hali hiyo iliendelea hata baada ya kuacha dawa. Mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilithibitisha kwamba mawazo ya kujiua ni miongoni mwa madhara ya vidonge vyake. Mjamzito hapaswi hata kushika kidonge kilichovunjika, kwa kuwa dawa inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Na mwanamume anayepimwa PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, amweleze daktari kwamba anaitumia, maana hushusha matokeo kwa takriban nusu.

Finasteridi ina binamu yake, dutasteridi. Korea Kusini iliiidhinisha kwa upara mwaka 2009, Japani mwaka 2015. Marekani ina kibali cha tezi dume tu. Kidonge ni kilekile na kichwa ni kilekile, ila ukivuka mpaka unakuwa nje ya kibali. Kwa hiyo mtu akiniambia kitu "hakijaidhinishwa", huuliza: wapi, na kuna aliyewahi kuomba?

Sasa geuza upande wa pili. Mwaka 2022 FDA iliidhinisha barisitinibu, na mwaka 2023 ritlesitinibu, na vichwa vya habari vikashangilia kwamba dawa ya upara imepatikana. Dawa hizo ni za watu ambao kinga ya mwili inashambulia mashina ya nywele zao, nywele zikatoka kwa mabaka ya mviringo au zikaisha kabisa, na ni kwa hali kali tu. Kwao ni neema ya kweli. Kwa kipara changu hazina kibali wala msingi wa kutumiwa, na kwa kuwa hupunguza nguvu za kinga, zinakuja na tahadhari nzito za maambukizi, saratani na damu kuganda.

Ndiyo maana nasema utambuzi utangulie dawa. Mtoto mwenye mapunye anahitaji dawa ya fangasi ya kumeza. Nywele za pembeni zilizochoka kwa misuko ya kubana zinahitaji kuachiwa mapema, kabla kovu halijaziba mashina.

Hali inayowapa wauzaji utajiri ni nyingine kabisa: nywele kupukutika kwa wingi miezi miwili au mitatu baada ya kujifungua, homa kali, upasuaji au msongo mkubwa. Mtu anashika vishungi bafuni, anahamaki, ananunua mafuta. Miezi kadhaa baadaye nywele zinarudi, kama ambavyo kwa kawaida zingerudi bila kupakwa chochote. Ushuhuda wake ni wa dhati, picha zake za kabla na baada ni za kweli, na mafuta hayakufanya lolote. Shuhuda za namna hii hazina hata tone la uongo, na ndiyo maana ni ngumu kuzipinga. Majaribio yenye kundi linalopewa dawa bandia, isiyo na kitu ndani yake, yalibuniwa kwa sababu hii hasa.

Kliniki nazo zina ujanja wao. Kwenye tiba ya kuchomwa kichwani plazma, yaani majimaji ya damu yako mwenyewe, utaambiwa mashine ina kibali. Ni kweli: cha kuchakata damu, si cha kuotesha nywele. Baadhi ya tafiti zinatia moyo, ila kila mmoja huiandaa damu kwa namna yake, hata kulinganisha matokeo kunakuwa kazi. Kitana cha leza kiliruhusiwa na FDA mwaka 2007 kupitia njia ya vifaa, ambayo huangalia zaidi kama kifaa kinafanana na kingine kilichoko sokoni. Si mtihani uleule wa dawa. Wanaochoma "eksosomu", vifuko vidogo mno vinavyotolewa na seli, nawaweka mbali kabisa: FDA haijaidhinisha bidhaa hata moja ya aina hiyo kwa ugonjwa wowote.

Vidonge vya biotini, aina ya vitamini, vinaonekana havina ubaya, navyo vinanitia wasiwasi kuliko watu wanavyodhani. Asiye na upungufu wa biotini hana ushahidi wa maana kwamba vitamsaidia. Lakini mwaka 2017 FDA ilionya kwamba dozi kubwa huvuruga baadhi ya vipimo vya damu, kikiwemo cha troponini, kinachotumika kutambua shambulio la moyo. Kipimo kinaweza kusema moyo uko salama wakati hauko salama.

Ukiamua kutumia iliyoidhinishwa, jua pia majaribio yake yalipima nini. Minoksidili huhitaji takriban miezi minne kabla ya kuonyesha kitu, na wiki za mwanzo nywele zinaweza kudondoka zaidi, wakati uleule ambao wengi hukata tamaa na kurudi kwa muuza mafuta. Ukiiacha baadaye, ulichovuna kitaondoka ndani ya miezi michache. Vivyo hivyo finasteridi ndani ya mwaka hivi. Hakuna mwisho wa dozi. Na kama unafuga paka, nawa mikono vizuri baada ya kupaka na usimwache alambe kichwa chako wala mto wako: minoksidili ni sumu kwa paka, hata kidogo tu huweza kumuua.