Kitumbua Kimeingia Kiatu

Kwa bibi yangu kule Muheza, Krismasi haijafika mpaka vitumbua viwe mezani. Pilau ni ya mchana, hata jirani anapika. Asubuhi ni vitumbua na chai ya maziwa yenye tangawizi, na mkorogaji ni bibi mwenyewe. Mwaka ule magoti yalimgomea, nikajitosa: "Bibi, niachie mimi, mjukuu wako fundi."

Ufundi wenyewe niliupatia Njombe, ninakofanya kazi. Njombe ukitia hamira jioni, ukaufunika unga blanketi kama mgonjwa, asubuhi ndiyo kwanza unapiga miayo. Basi nikasaga mchele kilo 3 uliolowekwa tangu jana yake, nikatia tui zito, iliki, sukari, halafu hamira vijiko 3 vya chakula. Bibi alikuwa amesema kimoja cha chai. Nikajisemea, uzee huo.

Kumbe Muheza mwezi wa Desemba ni kaskazi, hata ukuta unatoka jasho! Ndoo ilikuwa imejaa hadi shingoni. Nikaifunika sahani, nikaiweka sebuleni kando ya mlango, paka asiifikie. Nikalala fofofo.

Saa 11 alfajiri nikasikia baba mkubwa anamwita Yesu, tena si kwa sala.

Taa ikawashwa. Sahani iko chini. Unga umeumuka, umefurika, umeteremka polepole mpaka kwenye mstari wa viatu vilivyopigwa kiwi kwa ajili ya misa. Kiatu cha kulia cha baba mkubwa, ambaye ndiye msoma somo, kimejaa pomoni, kinatoa mapovu. Na mguu umo, soksi na yote. Akauchomoa: pwaa! Iliki ikanukia nyumba nzima.

"Nani katia uji kwenye kiatu changu?"

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Sijauliza shikamoo!"

Bibi alikuwa ameshikilia mlango, anacheka mpaka kanga inamdondoka. "Wenzio kitumbua huingia mchanga, mwanangu. Cha huyu kimeingia kiatu."

Somo la Isaya siku hiyo lilisomwa na mtu aliyevaa raba za kijani za binamu yangu, zilizompungua saizi 2, akipanda mimbarini kwa hatua fupi fupi kama bibi harusi. Mimi nilikuwa naangalia kitabu cha nyimbo, sioni hata herufi.

Uliobaki ndooni ulitoa vitumbua kama 40, laini ajabu. Baba mkubwa alikula 10. Ila kila kimoja alikigeuza kwanza, akakinusa.