Taruma si linta

Mazungumzo ya reli na mataruma yake, yale magogo ya zege yanayolazwa chini ya reli, yakipamba moto hapa Mombasa, iwe Mwembe Tayari kwenye kahawa au Miritini kwenye foleni ya treni, hakosekani bwana mmoja aliyewahi kusimamia nyumba ya vyumba sita kule Kisauni. Naye atatoa fatwa: "Taruma ni kitu gani? Nondo nne za milimita 12, ringi kila futi moja, zege la moja kwa mbili kwa nne, umemaliza. Ni linta tu iliyolazwa chini." Watu wanaitikia kwa vichwa, kahawa inaongezwa, na nchi imeshapata mhandisi mwingine.

La, bwana. Linta, ule mhimili wa zege, inakaa juu ya mlango miaka 40 ikibeba matofali yaleyale, haiguswi na mtu. Taruma linapigwa, linapindwa huku na huku, na juu ya hayo linatakiwa kushika kitu ambacho usiku na mchana kinataka kuondoka. Kubeba treni ndiyo kazi yake nyepesi. Kazi ngumu ni kushika reli, na hapo ndipo karibu kila mtu anapopapita haraka, wakiwemo wanaouza mataruma na kujigamba kwa daraja la nguvu ya zege peke yake.

Tumalize hesabu ya kubeba kwanza. Ekseli ya tani 25, ambayo ndiyo SGR yetu iliyojengewa, inatua tani 12.5 kwa kila gurudumu. Reli inagawa mzigo kwa mataruma jirani, kwa hiyo taruma lililo chini ya gurudumu linapokea karibu nusu, tani 6 na robo. Lakini gurudumu lililolika likawa na bapa, au kiungo cha reli kilichoinuka kidogo, hugonga. Wasanifu wengi huzidisha kwa 2.5, na hapo tunafika tani 15 na nusu, yaani kilonyutoni 153 kwenye kitako kimoja cha reli, pale reli inapokalia taruma. Chukua taruma la mita 2.6, reli zikiwa mita 1.5 katikati hadi katikati. Chini ya reli linapindika kwa kilonyutoni-mita 21, tumbo likivutwa. Na kokoto zikishiba chini yake lote sawasawa, katikati linapindika kinyume kwa kilonyutoni-mita 15, mgongo ukivutwa. Nionyesheni linta inayovutwa tumbo na mgongo kwa pigo moja.

Na zile nondo za bwana wetu? Nondo ya kawaida ndani ya zege haianzi kazi mpaka zege lipasuke kidogo. Nyumbani si neno. Ufa mwembamba kama unywele hauna anayeuona. Kwenye taruma, ufa huo unafunguka na kufunga kwa kila ekseli. Treni ya mabehewa 50 yenye ekseli nne nne ni mapigo 200, na hiyo ni treni moja. Kila ufa unapofunguka unavuta unyevu, na unyevu wa huku kwetu umejaa chumvi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye taruma hata ukiziba, utanunua taruma jingine. Ndiyo maana waya za milimita 5 hadi 7 hukazwa kwanza ndani ya kalibu, lile umbo la kumwagia zege, kwa jumla ya tani 35 hadi 40, zege linamwagwa juu yake, likishakomaa waya zinaachiliwa. Zinapojikunja zinalibana zege kutoka mwisho hadi mwisho. Zege lililobanwa hivyo halipasuki kwa mzigo wa kila siku, na likipasuka kwa pigo la bahati mbaya, ufa unajifunga wenyewe gurudumu likishapita.

Sasa kitako.

Kitako ni sehemu ndogo, haifiki hata sahani ya pilau kwa ukubwa, na ndiyo taruma lenyewe. Kwanza kina mlalo: reli haisimami wima, inainamia ndani kwa moja kwa 40 katika mifumo ya Kichina, moja kwa 20 katika mifumo mingine. Pili lazima kiwe bapa; likizidi bonde la milimita moja chini ya reli, pedi, ule mpira ulio kati ya reli na zege, inakanyagwa upande mmoja tu. Tatu, pande zake mbili kuna masikio ya chuma yaliyozamishwa ndani ya zege, na klipu inachomekwa humo na kukandamiza ukingo wa reli. Klipu moja hukandamiza kwa takriban kilonyutoni 10, kama uzito wa tani moja. Mbili kwa kila kitako, tani mbili.

Klipu si msumari, klipu ni springi. Nguvu yake inatokana na kupindwa, tuseme milimita 12, ili itoe zile kilonyutoni 10. Maana yake kila milimita moja ina thamani ya kilonyutoni 0.8 hivi. Fanyeni hesabu sasa. Kalibu imechakaa kiwandani, sikio limekaa juu kwa milimita 2: umepoteza 1.7. Pedi ya mpira imelika milimita 3: umepoteza 2.5 nyingine. Jumla zaidi ya asilimia 40 ya mshiko imeyeyuka, na hakuna kilichovunjika! Klipu iko, reli iko, zege ni la daraja la 60 kama cheti kinavyosema, na mkaguzi aliyepita juu ya toroli ameona kila kitu kimenyooka. Na sikio likikaa chini kupita kiasi ni balaa la upande wa pili: klipu inapindwa kupita uwezo wake, inalegea milele, au nyundo inayoichomeka inabandua zege la pembeni ya sikio.

Kwa nini milimita hizo zinitoe povu? Kwa sababu ya jua la Changamwe. Reli za siku hizi zimeungwa kwa kuchomelewa, hazina zile nafasi za kupumulia zilizokuwa zikilia ta-ta, ta-ta kwenye reli ya zamani. Reli ya kilo 60 kwa mita, ikipata joto la nyuzi moja tu na isiruhusiwe kurefuka, inajisukuma kwa kilonyutoni 18.5. Ikiwa ilikazwa ikiwa na nyuzi 35, na saa saba mchana mwezi wa Februari imefika 55, hizo ni nyuzi 20: kilonyutoni 370, karibu tani 38 kwa reli moja, tani 75 kwa mbili. Tani 75 zimelala hapo kimya, hakuna hata treni, zinatafuta mahali pa kutokea. Kinachozizuia ni klipu, pedi, uzito wa taruma na kokoto zilizolizunguka.

Kiwango kinachokubalika ni reli isiteleze kwenye kitako kabla ya kusukumwa kwa kilonyutoni 7. Mataruma yakiwa kila milimita 600, kila mita ya reli inashikwa kwa karibu kilonyutoni 11.7. Mshiko ukipungua nusu, reli inaanza kutambaa, na inatambaa kuelekea kule treni zinakopigia breki. Nendeni mkatazame ramani: kutoka Mariakani na Mazeras kuja huku ni mteremko, na mizigo inayoteremka inapiga breki. Reli iliyolegea pande za juu huja kujikusanya chini, inajibana, hadi siku ya jua kali inajinyonga kando kama samaki mkunga. Atalaumiwa dereva, italaumiwa kokoto, halafu jua. Milimita 3 za pedi hazitajwi hata na mmoja.

Pedi yenyewe ina kisa chake. Maji ya masika yakiingia chini yake pamoja na vumbi la kokoto, na reli ikawa inachezacheza kwa sababu klipu imechoka, pale chini panageuka jiwe la kusagia. Bandu bandu huisha gogo: zege linasagwa kidogo kidogo upande wa nje, reli inaegemea nje, upana wa njia unaongezeka. Dalili yake ni uji mweupe unaotoka pembezoni mwa pedi baada ya mvua. Ukiuona, usiongeze klipu mpya juu ya pedi kuukuu. Inua reli, toa pedi, pima kina cha kitako. Vivyo hivyo vile vipande vya nailoni kati ya reli na sikio: vikilika milimita 2 kila upande kwenye kona, njia imepanuka milimita 4, na umeme wa ishara za treni unaopita relini unaanza kuvuja kwenye chuma chenye chumvi.

Mafuta, sasa. Kosa hili dogo la kiwandani silisamehi. Kalibu hupakwa mafuta ili taruma litoke bila kung'ang'ania. Fundi mwenye haraka anapaka waya zikiwa tayari zimetandikwa, na matone yanazilowesha. Waya hushikamana na zege kwa msuguano na kwa vile vialama vilivyochongwa juu yake. Zinahitaji kama milimita 300 hadi 500 kutoka mwisho wa taruma kabla ya kubana kwa nguvu zote. Na reli iko wapi? Milimita 550 kutoka mwisho. Hakuna pa kuchezea! Waya yenye mafuta, au iliyokatwa kwa pigo la ghafla badala ya kuachiliwa polepole, au iliyoachiliwa zege halijakomaa, inarudi ndani, na ubanaji kamili unaanza baada ya kitako. Taruma hilo katikati ni simba, chini ya reli ni linta ya Kisauni. Ukitaka kulijua, tazama ncha za waya: zikiwa zimezama ndani ya zege zaidi ya wenzake, waya imeteleza.

Ndani ya zege la taruma, mchanga wa pwani, hapana. Mawe ya matumbawe, hapana pia. Yana vinyweleo na yamekunywa chumvi karne na karne. Nakubali, shingo upande, kwamba chokaa hiyohiyo ya matumbawe imelisha kiwanda cha Bamburi tangu 1954 na saruji yake imejenga nusu ya mji huu, lakini kuwa malighafi ya saruji na kuwa kokoto ndani ya zege ni mambo mawili. Mawe ya Mazeras nayo ni ya kutandika uani, yanapendeza, yaacheni huko. Kokoto za taruma na za tandiko lililo chini yake zitoke kwenye mwamba mgumu wa bara.

Mvuke: zege likikomazwa kwa mvuke ili kalibu igeuzwe haraka, joto ndani ya zege lisipite nyuzi 70, na lisubiri saa tatu au nne kabla ya kupashwa. Ukikimbiza, taruma litatoka zuri, litapita vipimo vyote, kisha miaka mingi baadaye lianze kuvimba na kupasuka kama mkate wa mofa uliozidi moto. Dawa haipo.

Haya, na bwana wa nondo nimpe haki yake kidogo, asije akasema tunamuonea. Wafaransa wana mataruma yenye nondo za kawaida, bila waya za kukazwa, na treni zao za kasi zimepita juu yake tangu 1981. Lakini si linta. Ni vipande viwili vya zege, kila kimoja chini ya reli yake, vimeunganishwa kwa upau wa chuma. Wameondoa katikati, basi na ule mgongo unaovutwa umeondoka. Ila upau huo ulio wazi uweke Makupa, mbele ya upepo wa kusi na povu la bahari, uone utadumu misimu mingapi. Na mataruma ya chuma ya reli ya zamani? Mepesi, mchwa hayali, vijana wachache wanalibeba moja, wakati hili la zege la kilo 280 linataka mashine. Tatizo lake ni kwamba vijana haohao wachache wanaweza kulibeba usiku pia. Zege halina mteja kwa wauza vyuma chakavu. Klipu inaye, kwa hiyo njia inayopita mitaani ichukue klipu isiyong'oka kwa nyundo ya kawaida.

Jambo la mwisho ni la wanaotandika. Msishindilie kokoto katikati ya taruma. Shindilieni chini ya reli, kiasi cha milimita 400 kila upande wa kitako, katikati paachwe palegee. Taruma likikalia kokoto za katikati linakuwa pembea, na ufa unaanzia mgongoni. Fundi atasema zege lilikuwa baya.

Na mzigo ukifika, muulizeni muuzaji mambo haya kabla ya lile daraja la 60: karatasi ya vipimo vya kitako kwa milimita, umbali kati ya masikio, kipimo cha kukandamiza hadi ufa wa kwanza na upana wa ufa huo mzigo ukishaondolewa, ambao usizidi milimita 0.05. Kisha kipimo cha kung'oa sikio: linavutwa kwa kilonyutoni 60, linashikiliwa hivyo dakika tatu, na zege la pembeni lisioneshe ufa. Akianza kuwaeleza habari za nondo, mwambieni dereva asishushe.