Karafuu Nyingi Si Cheti cha Wema

Mtu wa Wete, huku Pemba, akimaliza ghorofa, barazani huwa hawakosekani wa kusema: "Mungu kampa, mtu mwema yule." Kauli hii tusiitupe moja kwa moja. Mwenye duka anayepima sawasawa hahamwi na wateja. Mkulima asiyechanganya karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, anayeanika vizuri juu ya jamvi na kukimbilia kuanua wingu likitanda, hupata daraja la juu na bei yake. Uaminifu hulipa, japo si kila mara.

Kasoro ni kuigeuza hesabu: kafanikiwa, basi alikuwa mwema. Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na baadaye ndiyo ikawa inatoa karafuu nyingi kuishinda Unguja. Je, wenye mashamba wa Pemba walikuwa wachamungu zaidi? Tena kote kuwili, aliyekuwa juu ya mti akichuma mara nyingi alikuwa mtumwa. Sheria haikuacha kuutambua utumwa hadi 1897.

Au mtazame Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, aliyefariki mwaka 1905 akiwa tajiri mkubwa. Nyumba yake ya Shangani, Mji Mkongwe wa Unguja, ingalipo. Alitajirika kwa pembe za ndovu, na kwa watu waliouzwa au kutwishwa pembe hizo. Wanaomtetea husema alikuwa mtu wa zama zake, na mkarimu. Huenda, lakini hilo litathibitishwa kwa mwenendo wake, si kwa mlango wa nakshi.

Ajabu ni kwamba haya tumeyasoma chuoni, kwenye chuo cha Kurani, tangu utotoni. Sura ya al-Fajr inamtaja anayeneemeshwa akasema Mola wake kamkirimu, na anayebanwa riziki akasema Mola wake kamdhalilisha. Jibu kwa wote wawili: sivyo. Kwa hiyo na umaskini nao si shahada ya ucha Mungu, jambo ambalo sisi wenye mifuko mitupu hatupendi kulisikia.

Wapo pia wanaomwona kila tajiri mwizi, au katoa kafara. Hao nao wanausoma moyo kupitia bati la nyumba, ila wanausoma kwa husuda. Mie kabla sijamsifu wala kumlaani mwenye shamba, ningemwuliza mchumaji wake kama kalipwa pishi zake zote, yaani vipimo vya karafuu alizochuma, na zilipimwa kwa kipimo gani.