Wiki mbili hazikurudishi kwenye biriani

Nimesoma andiko linalodai eti aliyepunguzwa tumbo kwa operesheni anarudi kula kama kawaida baada ya wiki mbili! Hapo mwandishi wake ameteleza. Operesheni ya kukata mfuko wa chakula huondoa karibu asilimia 80 yake, kinachobaki ni kijimfuko chembamba kama ndizi, na mshono wake haujapona kwa siku 14. Wiki 2 hizo ni vya kunywa tu: supu iliyochujwa, maziwa yasiyo mafuta, uji mwepesi bila sukari. Halafu vilivyosagwa, kisha vilaini kama yai na samaki wa kuchemsha. Kigumu ni baada ya wiki ya 6 hivi. Maji ni funda dogo dogo kutwa, si pamoja na chakula. Ukimaliza kula, subiri nusu saa ndipo unywe. Mkate, wali mkavu na pweza ndivyo hukwama, na mwenye haraka hutapika povu. Kaimati za shira na juisi ya miwa, kinyume chake, huteleza bila kushibisha, na ndizo zinazorudisha kilo. Protini ikishuka chini ya gramu 60 kwa siku, nywele hunyonyoka zaidi kati ya mwezi wa 3 na wa 6. Homa, moyo kwenda mbio au maumivu ya bega la kushoto siku za mwanzo si gesi ya kungoja ipoe: huenda mshono unavuja, rudi hospitali usiku huo huo. Mliofanyiwa, daktari aliwaambia msubiri muda gani kabla ya kufunga Ramadhani, na futari mlianza na nini?