Kodi ya miezi sita na vyumba vya Arusha

Kila mjadala wa kodi za nyumba unapofufuka Arusha, mshtakiwa ni yule yule: mwenye nyumba. Anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, anapandisha bei anavyotaka, na choo kimoja kinahudumia vyumba vinane. Wapo wanaotaka serikali irudishe udhibiti wa kodi, kama ilivyokuwa chini ya sheria ya mwaka 1984 iliyofutwa mwaka 2005, na malipo ya mkupuo yapigwe marufuku. Nimekuwa mpangaji tangu nihamie mjini, na kilio hicho nakijua. Kijana aliyepata kazi leo atalipwa mwisho wa mwezi, lakini anatakiwa kutoa hela ya nusu mwaka, na ya dalali juu yake, kabla hajaushika mshahara wa kwanza. Anakopa, au anaendelea kulala kwa shemeji.

Hata hivyo kuna hesabu moja ambayo hainitoki kichwani. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ya 2022 ikahesabu 617,631. Wameongezeka watu 201,189 ndani ya miaka kumi. Ukigawa kwa siku unapata watu 55 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Hata kama wangebanana watatu watatu, vilihitajika vyumba vipya 18 kila kukicha, miaka kumi mfululizo, bila kupumzika hata msimu wa mvua. Nani alivijenga?

Shirika la Nyumba la Taifa lina mradi wa Safari City kule Mateves. Umepangwa vizuri, lakini ni mradi wa kuuza, na anayenunua ni mwenye akiba au anayekopesheka benki. Mlinzi wa usiku na muuza mitumba wanatafuta chumba cha kupanga, na vyumba vyao vimejengwa Sombetini, Ngarenaro, Unga Limited, Daraja Mbili na Muriet, kimoja kimoja, na watu wasio na mkandarasi wala mhandisi.

Mama mwenye nyumba wangu wa kwanza, pale Daraja Mbili, alikuwa akiuza mboga soko la Kilombero. Siku niliyomkabidhi kodi ya miezi sita nilirudi chumbani nimenuna. Wiki ile ile lori likamwaga mchanga mlangoni, na kabla mwezi haujaisha vyumba viwili vya uani, vilivyokuwa vimeishia kwenye lenta, vilikuwa vimepauliwa. Benki yake ilikuwa ni mimi. Benki nyingine angeipata wapi, na kiwanja alinunua kwa kupimiwa hatua za miguu, ushahidi wake ukiwa karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa? Tukipiga marufuku miezi sita leo, bila mkopo wowote wa kushika nafasi yake, mpangaji aliyekwisha kuingia atapumua. Wale 55 wa kesho watakuta vyumba vimeishia kwenye lenta.

Chuki kwa mwenye nyumba ina historia, tena ya hapa hapa. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Walengwa walikuwa wenye mali. Leo lawama ile ile inamwangukia mama wa mboga.

Na siyo lawama tu. Itazameni kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Viwango vilivyopandishwa miaka ya karibuni viliitoza nyumba ya kawaida shilingi 18,000 kwa mwaka, na nyumba ya ghorofa mjini shilingi 90,000 kwa kila sakafu. Maana yake ni kwamba jumba la kifahari Njiro, mradi tu halina ghorofa, linalipa 18,000, wakati nyumba ya sakafu mbili Ngarenaro yenye vyumba kumi na viwili vya wapangaji inalipa 180,000. Mara kumi! Tena anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Ardhi ya katikati ya mji haiongezeki, tunataka watu wajenge kwenda juu, halafu kwenda juu ndiko tunakokutoza. Kodi hii hupangwa na Bunge, lakini madiwani na wabunge wa Arusha wana midomo.

Wanaodai masharti makali zaidi ya ujenzi wana hoja nzito. Gari la zimamoto haliingii kwenye vichochoro vyetu, na mvua za masika hushuka kutoka Meru zikiingia vyumbani mwa watu. Nakubaliana nao. Ila sharti linalokuja baada ya nyumba kusimama huishia kuwa alama nyekundu ya X ukutani, ile ya bomoabomoa. Dawa ni kupima ardhi kabla watu hawajajenga. Sinza na Kijitonyama kule Dar es Salaam zilianza miaka ya 1970 kama viwanja vilivyopimwa vyenye barabara na maji, watu wakajijengea wenyewe kadiri ya uwezo wao, na hadi leo gari linafika mlangoni.

Arusha bado ina nafasi hiyo, ingawa kwa muda mfupi. Uwanja wa mpira wa watu 30,000 wa AFCON 2027 umewekwa Olmoti, na madalali wa viwanja hawasubiri mashindano yaanze. Halmashauri iwahi huko na Muriet: ipime viwanja vidogo vya bei ambayo mama wa Kilombero anaimudu, ifungue barabara na mitaro kwanza, na itoe ramani za bure za nyumba ya vyumba vya kupangisha, ya chini na ya ghorofa moja, ili anayetafuta kibali asilazimike kumlipa mchoraji. Anayejenga vyumba hivyo akopeshwe hela ya mabati na nondo, kwa mkataba kwamba atapokea kodi kwa mwezi na kuweka choo kwa kila vyumba vitatu. Mwenye nyumba wangu wa zamani angesaini siku hiyo hiyo.